Vidole Vinne

Kanda zimefika kwa posta, tatu, ndani ya boksi la viatu.
Delphine kaandika juu yake kwa kalamu nzito:
Usicheke peke yako.
Nje theluji imeziba madirisha ya chini,
Thunder Bay nzima imejifunika saa kumi na moja jioni,
na mimi, Aili, miaka hamsini na sita na goti bovu,
nimelipiga goti hilohilo mbele ya mashine niliyoazima kanisani,
napuliza vumbi.

Kwanza mistari ya kijivu. Halafu muziki,
tarumbeta lenye mafua,
halafu jina: Nusu Saa ya Fujo
(zilikuwa dakika ishirini na mbili,
zilizobaki waliuzia magodoro).

Ndipo tukatokea. Mungu wangu, meno yale!
Garth na miwani isiyo na vioo,
Delphine na masharubu ya pamba yanayomdondokea kwenye supu,
na mimi, wa tatu kutoka kushoto, nywele kama ufagio uliochoka,
daktari wa meno anayeogopa midomo.
"Fungua," nasema, natimua mbio.
"Fungua," nasema, naingia chini ya meza.
Utani uleule mara saba, na kila mara kicheko cha kopo,
kilichorekodiwa mji mwingine, miaka mingine,
pengine nusu ya wachekaji walikuwa wameshazikwa.

Mjukuu wangu Onni yuko kwenye kochi,
mkono umezama kwenye bakuli la bisi.
Hacheki. Anatazama kama mkaguzi wa mahesabu.
"Mbona ukuta unatikisika?"
Namwambia ulikuwa wa mbao nyembamba,
mabaki ya kiwanda cha karatasi,
aliupigilia misumari baba yangu Taisto
akitoka zamu ya usiku, kwa malipo ya kahawa
na ahadi kwamba jina lake litapita mwishoni.
Lilipita. Mbio, na herufi moja pungufu.

Kanda ya pili, kichekesho cha hoteli.
Garth anaingia, anaubamiza mlango
kwa nguvu zote za miaka kumi na miwili,
ukuta unainama, unakuja,
na yule binti kwenye kioo anainua macho,
uso wake unaacha kuigiza.
Halafu ukuta unasita.
Unarudi polepole, kama mtu aliyeghairi safari.

"Bibi, rudisha."
Narudisha.
"Pale! Juu ya fremu!"
Vidole vinne.
Vinene, vimeung'ang'ania ukingo,
kimoja kifupi, kile alichokiacha kwenye msumeno
mwaka niliozaliwa,
na pete imepakwa rangi ya kijani ya ukuta.

Sasa Onni anacheka, bisi zinamwagika zuliani:
mkono usio na mtu! Tena! Tena!
Mkono unatoka, unashika, unangoja
tumalize utani wetu mbovu kuhusu sabuni,
dakika moja na sekunde arobaini, nimehesabu,
hautetemeki ila mwishoni.

Miaka yote nilimnung'unikia
kwamba hakuwahi kukaa nasi kutazama.
Jumamosi saa tano asubuhi, ukoo mzima mbele ya runinga,
yeye jikoni, katupa mgongo, anachonga kitu.
Nilidhani anaona aibu
bintiye kujipaka haradali usoni mbele ya mkoa.
Sikuwaza kwamba aliyeushikilia ukuta
labda hana hamu ya kuuona kwa mbele.
Au najitungia tu. Labda hakuipenda runinga.
Hakuwa mtu wa maneno,
hata kwaheri aliisema kwa kichwa.

Kanda ya tatu imeliwa na unyevu. Picha hakuna,
ni sauti tu, sisi watoto tukipayuka ndani ya ukungu mweupe,
na mahali fulani nyuma yetu, wazi kabisa,
mtu anakohoa mara moja
na kuomba radhi, kwa Kifini.